Mzigo Uko Stoo

Siku matokeo ya kidato cha nne yanapotoka, nenda ukakae nusu saa kwenye kibanda chochote cha stationery mjini. Mimi nilikaa kwenye kimoja Kariakoo nikisubiri fotokopi zangu. Kijana mmoja alikuwa amesimama pembeni na simu yake, ameandika majina yake matatu kwenye Google pamoja na neno "matokeo". Yakaja mambo chungu nzima: blogu zinazotangaza kwamba matokeo yametoka, video za watu wanaoeleza jinsi ya kuangalia matokeo, tangazo la chuo cha ualimu. Yeye mwenyewe hakuwemo. Akarudia, safari hii kwa herufi kubwa. Dada wa stationery, bila hata kugeuza shingo, akamuuliza, "Shule gani? Namba yako ya mtihani unayo?" Akafungua tovuti ya Baraza la Mitihani, akabonyeza mwaka, akashuka kwenye orodha ya shule, akateremsha kidole kwenye jedwali. "Haya, una divisheni ya pili. Kuprinti mia tano."

Kwenye jedwali lile hakuna jina la mtu hata mmoja. Kuna namba ya mtahiniwa, jinsia, pointi, divisheni na alama za masomo. Kijana angeweza kuandika jina lake mpaka betri iishe. Yule dada hakuwa na bando kubwa kuliko lake wala simu ya maana zaidi. Alijua nani anayatunza matokeo, na huyo anayeyatunza ameyapanga kwa kitu gani. Sura hii nzima ni maelezo marefu ya alichofanya yule dada.

Aliyezoea kununua vitu Kariakoo anajua kwamba kinachoning'inia mlangoni ni sampuli. Ukitaka pea hamsini za rangi moja, au saizi ambayo haionekani, muuzaji anamtuma kijana stoo, pengine ghorofa ya nne ya jengo la nyuma, na mgeni anayepita barabarani hawezi kujua kama stoo hiyo ipo. Intaneti iko vivyo hivyo. Google ni mtu anayepita barabarani haraka sana, anapiga picha milango yote na kukumbuka kila kinachoning'inia. Stoo haingii.

Haingii kwa sababu za kiufundi ambazo si ngumu kuzielewa. Unapobonyeza kitufe cha kutafuta, Google haiendi kuzunguka intaneti kwa niaba yako. Inaangalia ndani ya faharasa yake yenyewe, iliyokusanywa kabla hujafikiria swali lako. Wakusanyaji ni programu zinazoitwa buibui: zinafungua ukurasa, zinanakili maneno yake, zinafuata viungo vilivyomo hadi kurasa nyingine, hivyo hivyo usiku na mchana. Pasipo na kiungo, buibui hafiki. Penye kisanduku kinachosema "andika jina la ukoo", buibui hana ukoo wa kuandika. Mwaka 2008 Google ilitangaza kwamba buibui wake wameanza kujaza baadhi ya visanduku hivyo kwa kubahatisha maneno, lakini kubahatisha visanduku vya dunia nzima ni sawa na kuteka bahari kwa kijiko.

Kuna milango mingine imefungwa kwa makusudi. Tangu 1994, Martijn Koster alipopendekeza utaratibu huo, mwenye tovuti anaweza kuweka faili dogo la maandishi linaloitwa robots.txt kuwaambia buibui wapi wasiingie. Mistari miwili inatosha: wa kwanza una nyota, maana yake agizo hili ni la buibui wote, wa pili una alama ya mkwaju peke yake, maana yake usiguse chochote. Buibui mwenye adabu anasoma na kugeuza. Kuna pia kurasa zinazotaka nywila, majarida yanayotaka malipo, na makundi ya WhatsApp ambako siku hizi nusu ya habari za mtaa huzaliwa na kufia humo humo. Na kuna karatasi zilizopigwa picha tu, zikapandishwa bila programu ya kusoma maandishi kupita juu yake. Mashine inaona picha ya rangi ya maziwa yenye madoadoa. Wewe unaona barua ya mkuu wa wilaya.

Mwaka 2001 Mmarekani Michael Bergman alikadiria kwamba sehemu hii isiyofikiwa ilikuwa kubwa mara 400 hadi 550 kuliko ile inayoonekana. Tangu hapo kila mtu anayefundisha habari hizi huonyesha picha ya mlima wa barafu baharini, ncha ikiwa juu na tumbo chini ya maji. Sisi ambao barafu tunaijua kwa kununua kwenye mfuko wa plastiki tunaweza kuiacha picha hiyo, na ile hesabu nayo tuiache kwenye mwaka wake. Ilipigwa wakati WhatsApp haijazaliwa.

Na tuondoe wasiwasi mmoja mapema. Watu wakisikia "intaneti ya ndani" wanafikiria mahali pa kuuzia bunduki na dawa za kulevya. Hicho ni kichochoro kimoja kidogo, kinachofikiwa kwa programu kama Tor, ambayo mbegu yake ilipandwa katika maabara ya utafiti ya jeshi la majini la Marekani miaka ya 1990. Soko maarufu la huko, Silk Road, lilifungwa na polisi wa Marekani Oktoba 2013. Hata BBC ina mlango wake huko tangu 2019, kwa ajili ya wasomaji wa nchi zinazoizuia. Sehemu kubwa ya kilichojificha haina uhalifu wowote. Ni rejista, katalogi, majalada ya mahakama, takwimu za mvua, orodha za dawa zilizosajiliwa, vitabu vya maktaba. Salio lako la benki nalo limo humo, na unashukuru kwamba Google hailioni.

Sasa niingie kwenye stoo moja niliyokaa muda mrefu.

Bibi yangu mzaa mama hakuwahi kuijua sura ya baba yake. Alichoambiwa ni kwamba alichukuliwa kubeba mizigo "vita vya Mjerumani", akaondoka na wenzake kutoka upande wa Handeni, na hakurudi. Bibi alikuwa na majina mawili tu, la baba na la babu, yote ya kawaida kabisa, ya aina ambayo ukiita sokoni watu sita watageuka. Nilipopata kompyuta yangu ya kwanza niliyaandika kwenye Google kama yule kijana wa matokeo. Nilipata mchezaji wa mpira na mgombea udiwani.

Miaka ikapita kabla sijauliza swali la dada wa stationery: nani alikuwa na sababu ya kuandika habari za mtu huyu, na ameziweka wapi? Swali hilo likaleta jingine ambalo nyumbani hakuna aliyewahi kuliuliza. Alimbebea nani? Pande zote mbili ziliwakamata wapagazi, na majeshi ya Mwingereza chini ya Jenerali Smuts yalipita Handeni katikati ya 1916 yakimfukuza Mjerumani kuelekea kusini. Kama alimbebea Mwingereza, njia inaelekea London. Kama alimbebea Mjerumani, inaelekea Berlin na Frankfurt. Bibi alipoulizwa alijibu, "Mzungu ni mzungu, mwanangu. Mzigo ni ule ule."

Nikaanza na Mwingereza. Jeshi lake liliandikisha wapagazi karibu milioni moja katika vita vya Afrika Mashariki. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ndilo jina lililobaki midomoni mwetu likawa Kariakoo, Dar es Salaam, na Kariokor, Nairobi. Kwa hiyo kila nilipokwenda kutoa fotokopi nilikuwa nasimama juu ya kambi yao. Waliokufa, wengi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, wanatakiwa kuwa chini ya uangalizi wa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa 1917. Tume hiyo ina kanzidata ya watu milioni 1.7 waliokufa katika vita vikuu viwili, na mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuifungua bila kulipa.

Visanduku vyake ni vya jina la ukoo, jina la kwanza, namba ya utumishi, kikosi, nchi, tarehe. Nikakwama kwenye kisanduku cha kwanza. Babu zetu hawakuwa na jina la ukoo; walikuwa na jina na jina la baba, na karani aliyeandika alikuwa anasikiliza kwa sikio la Kiingereza. Jina kama Selemani linaweza kuwa limeandikwa Suleiman, Sulimani, Seliman au Slimani. Hamisi anaweza kuwa Khamis, Amisi au Hamis. Anayetumia kanzidata za wakoloni lazima ajifunze kukosea kama walivyokosea wao. Niliandika majina niliyopewa na bibi kwa namna kumi na nne, kwenye daftari, nikiweka alama kila ninayoimaliza. Kisha nikaacha majina kabisa, nikatafuta kwa kikosi na nchi, nikapitia orodha jina kwa jina. Kwa anayefanya kazi hii mara kwa mara, njia hiyo ya pili ndiyo yenye mavuno: chukua kisanduku ambacho karani hakuweza kukikosea, halafu soma kwa macho yako.

Hakuwemo. Na sababu yake nikaipata mahali pengine kabisa, kwenye taarifa ambayo Tume yenyewe iliitoa Aprili 2021. Taarifa hiyo inakiri kwamba baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao kutoka Asia na Afrika, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao. Wengine wasiopungua 116,000, na pengine kufikia 350,000, hawakukumbukwa kwa majina yao, au hawakukumbukwa kabisa; wengi wa hao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Ukipita makutano ya Samora, katikati ya Dar es Salaam, iko pale Sanamu ya Askari iliyosimamishwa 1927. Maneno yake, aliyoyatunga Rudyard Kipling, yanaahidi kwamba anayekufa kwa ajili ya nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote. Hakuna jina.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ambayo vitabu vya mbinu za kutafuta huipita haraka. Kuna kitu kilichopo ila buibui hakifikii, na kuna kitu ambacho hakikuandikwa. Kwenye kompyuta vyote viwili vinajibu kwa sentensi moja: hakuna matokeo yaliyopatikana. Mwenye kutafuta ndiye anayepaswa kujua amegonga ukuta upi. Na roboti za maongezi tunazoziuliza kila kitu siku hizi zimeongeza hatari ya tatu, maana zenyewe zimelishwa zaidi sampuli za mlangoni, na zikikosa jibu huwa zinashona moja linalofanana na nguo ya dukani.

Upande wa Mjerumani nilikwenda bila matumaini, na huko ndiko nilikojifunza mengi. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt inatunza mkusanyiko wa picha wa chama cha zamani cha ukoloni cha Wajerumani, picha kama 55,000, zimewekwa kwenye kanzidata yake yenyewe. Andika "Bagamoyo" utapata kiasi. Andika "Bagamojo" mlango unafunguka zaidi. Mwanza ni Muansa, Ujiji ni Udjidji, Rufiji ni Rufidji, Zanzibar ni Sansibar, Kilimanjaro ni Kilimandscharo, na Dar es Salaam ni neno moja, Daressalam. Mpagazi ni Träger. Nilipoandika neno hilo nikakaa mpaka saa nane za usiku. Wanaume wamejipanga, mzigo kichwani, fimbo mkononi, wengine wanaitazama kamera moja kwa moja. Maelezo chini ya picha yanataja mahali, pengine jina la ofisa aliyepiga. Wabebaji ni "wabebaji". Nilijikuta nikitafuta pua ya mama yangu kwenye nyuso za watu.

Magazeti ni stoo nyingine. Maktaba ya Staatsbibliothek, Berlin, imeweka mtandaoni gazeti la walowezi wa Kijerumani, Deutsch-Ostafrikanische Zeitung, lililochapwa kati ya 1899 na 1916. Shida ya magazeti ya Kijerumani ya zama hizo ni kwamba mengi yalichapwa kwa zile herufi za kale zenye mikia na pembe, ambamo "s" ya mwanzo wa silabi ni ndefu na inafanana na "f". Mashine ikiisoma picha ya ukurasa, Usambara inaweza kutoka Ufambara. Kwa hiyo ukitaka habari za Usambara mwaka 1910, tafuta pia nchi ambayo haijawahi kuwapo. Nimewahi kumwambia hivyo mwanafunzi mmoja wa historia akadhani namtania. Alirudi baada ya wiki, hakusema neno, akaniwekea tu mezani karatasi mbili alizoprinti.

Mambo hayo hayo ya tahajia yanamngoja anayetafuta maandishi ya kwetu ya kale. Maktaba ya SOAS, London, ina miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, mingi ikiwa imekusanywa na watu kama W. E. Taylor na William Hichens, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina mkusanyiko wa J. W. T. Allen ambao katalogi yake ilichapwa 1970. Atakayeandika "utenzi" atakosa vilivyoorodheshwa kama "utendi". Utendi wa Tambuka huo huo wengine wameuandika kama Chuo cha Herekali, na wengine kwa lahaja ya kaskazini, Kyuo kya Herekali. Shairi ni moja, vibao vya mlangoni vitatu. Na lugha yenyewe, kwa Wajerumani, inaitwa Suaheli.

Nisimfanye msomaji adhani kwamba lazima uwe na babu aliyepotea ndipo ujifunze haya. Hata Google yenyewe ina mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui. Ukitaka kujua wabunge walisema nini kuhusu mbolea, usiandike swali kama unamuuliza jirani. Andika site:parliament.go.tz mbolea filetype:pdf, bila nafasi baada ya nukta pacha, na Google itaacha blogu zote na kuangalia mafaili ya Bunge peke yake. Badilisha anwani iwe go.ke na unaangalia serikali ya Kenya. Weka alama za kunukuu kwenye maneno mawili yanayokwenda pamoja. Kwa hukumu za mahakama achana na Google kabisa: Tanzania ingia TanzLII, Kenya ingia Kenya Law, utafute kwa jina la mdaawa au namba ya kesi. Magazeti ya Serikali, yale yenye matangazo ya ardhi, mirathi na kampuni zilizofutwa, yamekusanywa na gazettes.africa kwa nchi nyingi za bara hili. Mawakili wanayajua haya. Wenye mashamba yanayotangazwa humo, wengi wao hawayajui.

Ukurasa uliokuwapo jana ukatoweka leo nao una stoo yake. Brewster Kahle alianzisha Internet Archive huko San Francisco mwaka 1996, na tangu 2001 mtu yeyote anaweza kuona nakala za kurasa zilizokufa kupitia Wayback Machine. Ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja iliwahi kubadilisha tovuti yake ikapata rangi mpya nzuri na picha kubwa ya mkurugenzi, na taarifa zake za miaka tisa, ambazo nilikuwa nimezitegemea kwa kitabu kizima, zikafutika usiku mmoja. Nilizipata sita huko San Francisco. Nilizipata kwa sababu nilikuwa nimenakili anwani kamili ya kila ukurasa kwenye daftari; mashine ile inataka anwani zaidi kuliko inavyotaka maneno. Zile tatu hakuna aliyewahi kuzinakili.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba stoo ikiwa na katalogi, mtu mvumilivu ataingia. Kisa cha Hanslope Park kinakataa.

Mwaka 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London, wakidai fidia kwa mateso waliyopata kwenye kambi za vizuizi wakati wa vita vya Mau Mau. Wanahistoria waliowasaidia, David Anderson, Caroline Elkins na Huw Bennett, walikuwa wameshazipekua nyaraka za Kew, London, na za Nairobi kwa miaka. Walijua kila mlango. Walijua pia kwamba kuna pengo, maana makabati ya serikali ya kikoloni yalipunguzwa kabla ya uhuru wa 1963: mengine yalichomwa, mengine yakapandishwa ndege. Kenya ilikuwa imeyaulizia tangu zamani ikajibiwa maneno ya juu juu. Kesi ilipobana, mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kwamba majalada yapo, kwenye jengo lake lenye ulinzi huko Hanslope Park, Buckinghamshire. Ya Kenya peke yake yalikuwa kama 1,500, kwenye maboksi 300. Na pamoja nayo yalikuwepo ya makoloni mengine, jumla nchi 37. Hayakuwa kwenye katalogi yoyote ambayo raia angeweza kuifungua. Juni 2013 serikali hiyo ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228.

Kisichoorodheshwa hakitafutiki, hata kwa bingwa. Kilichowafikisha kina Anderson pale ni kusoma majalada yaliyokuwapo na kugundua kwamba yanataja majalada mengine ambayo hayapo. Barua inasema "rejea barua yangu ya tarehe fulani". Unaitafuta hiyo ya tarehe fulani, haionekani popote. Unaandika namba yake pembeni. Baada ya miaka mitano una orodha ya mashimo. Ni kazi ya kuchosha isiyo na uhusiano wowote na kasi ya intaneti, na mahakamani ilikuwa na nguvu.

Leo majalada hayo yako Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, Kew, chini ya alama FCO 141. Tanganyika imo, Zanzibar imo, Uganda imo. Katalogi yake iko mtandaoni, bure, na ukitaka mawasiliano ya kawaida ya magavana na London, Kenya iko CO 533 na Tanganyika CO 691. Lakini usichanganye katalogi na karatasi. Unachokiona kwenye kompyuta ni mstari mmoja unaosema jalada linahusu nini na la miaka gani. Kilichoandikwa ukurasa wa arobaini kiko kwenye boksi, na boksi liko kwenye rafu. Ama uwaandikie wakutolee nakala kwa malipo, ama umpate mtu aliyeko London mwenye siku moja ya ziada. Chumba cha kusomea hakina kiingilio na simu inaruhusiwa kupiga picha kurasa. Nina rafiki huko, muuguzi, ambaye siku zake za mapumziko amezigawa kati ya usingizi wake na mababu za watu.

Watu wakiniuliza ushauri mmoja nawaambia wamwandikie mtunza maktaba. Barua pepe fupi, ya heshima, yenye swali moja lenye mahali na miaka. Usiandike "naomba kila kitu kuhusu wapagazi". Andika: "Natafuta orodha za malipo ya wapagazi waliochukuliwa Handeni kati ya 1916 na 1918, ni mkusanyiko gani nianzie?" Watu hawa wameajiriwa kujua kilichoko ghorofa ya nne, na wengi wao wanakaa wiki nzima bila kuulizwa swali la maana. Nimewahi kujibiwa kutoka Ujerumani ndani ya siku mbili. Nimewahi pia kuandikia ofisi iliyo mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu, nikasubiri miezi minne, mwisho nikaenda kwa miguu na nikahudumiwa vizuri sana na mama mmoja aliyekuwa hajawahi kupewa nywila ya barua pepe ya ofisi yake.

Baba yake bibi sijampata. Bibi alifariki nikiwa bado kwenye namna ya tisa ya kuandika jina la baba yake. Baada ya mazishi tulifungua sanduku lake la bati, na chini kabisa, ndani ya kanga, kulikuwa na picha mbili za wanaume wamesimama mbele ya nyumba ya udongo. Hakuna aliyewajua. Nyuma hapakuwa na neno.

Kwenu nako kuna sanduku kama hilo. Litoe wikendi hii, kaa na mzee ambaye bado anawatambua watu waliomo, na nyuma ya kila picha andika kwa penseli jina la mtu, jina la baba yake, kijiji, na mwaka hata kama ni wa kukisia. Kisha zipige picha pande zote mbili, na nakala moja ipeleke kwa ndugu anayeishi nyumba nyingine.